Kiti cha Hiram Ngigi

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Hezekiah Kimaiyo alipeleka magongo ya kutembelea kwenye Makao ya Watoto Viwete, na kila mara aliingia kwa mlango wa mbele. Njia ya mkato ilikuwa ile ya nyuma, kupitia uani. Lakini uani ndiko alikofulia Wangare, na Kimaiyo alikuwa radhi kuzunguka ua mzima na mzigo begani, jua la Februari likimpiga utosini na vumbi jeupe la ziwani likimjaa puani, kuliko kukutana macho kwa macho na mwanamke yule.

Waliomwona walidhani ni ustaarabu. "Fundi Kimaiyo si mtu wa milango ya nyuma," walisema. Yeye alisikia, akanyamaza. Kunyamaza alikuwa amekuzoea.

Alikuwa mtu wa Kuresoi, kwenye misitu na baridi. Aliteremka Nakuru mwaka wa 1947, kijana asiyejua hata kushika msumeno, akapata kazi ya kufagia maranda katika karakana ya Kalasinga mmoja aliyeitwa Gurdit, karibu na reli. Aliyemtoa kwenye ufagio ni Hiram Ngigi.

Hiram alikuwa fundi mkuu pale, Mkikuyu wa makamo, mwembamba, mwenye penseli sikioni na mdomo usiopenda maneno mengi. Siku moja alimkuta Kimaiyo akiokota vipande vya mbao na kuvipanga kwa ukubwa bila kuagizwa na mtu, akamwita kwenye benchi yake. "Shika randa. Si hivyo. Usiilazimishe, iache itembee." Mafunzo hayo yakachukua miaka minne. Mwishoni Kimaiyo alikuwa fundi kamili, na alikuwa pia mtu wa nyumbani kwa Hiram. Jumapili alikula huko. Mkewe, Jerop, alipojifungua binti yao Chepkorir, mke wa Hiram ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji mwezi mzima, kwa maana mama yake Jerop alikuwa mbali na mvua ilikuwa imekata njia. Mke huyo wa Hiram ndiye Wangare. Siku zile Kimaiyo alimwita shemeji.

Habari ya magongo ilianza na kamba. Hiram alimwona sokoni mtoto aliyepoozwa miguu akijiburuta kwa makalio, akachuchumaa, akampima kwa kipande cha kamba, na kesho yake akamletea magongo mawili ya mti wa podo yaliyofungwa ngozi ya kondoo kwapani. Baada ya miezi sita mtoto alikuwa amerefuka na magongo yamebaki pale pale. Akili ya Hiram haikulala. Akachonga gongo la vipande viwili, kimoja kikiteleza ndani ya kingine, lenye matundu saba na kiwi, kijiti cha chuma cha kuvishikanisha. Mtoto akirefuka, unachomoa kiwi unakipandisha tundu moja. Likaitwa gongo linalokua. Watu wa Makao waliposikia, walimwita, na haukupita mwaka wakamweka kwenye kamati yao. Palikuwa na Wazungu wanne na Wahindi wawili, na Mwafrika mmoja tu, naye ni Hiram. Mara moja kwa mwezi alivua aproni, akavaa koti lake la kijivu, akaenda kukaa nao mezani.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni ikawashuku Wakikuyu wote kuwa waasi.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1954 lori mbili zilisimama mbele ya karakana. Askari wakazunguka jengo, na afisa mmoja kijana akaingia na karatasi mkononi. Wakikuyu wote wakaambiwa wasimame ukutani. Gurdit alimsihi afisa yule, akasema hawa ni mafundi wake wa siku nyingi, na afisa akajibu kwamba atakayepata mtu wa kabila jingine wa kumshuhudia anaweza kubaki, mpaka atakapochunguzwa vizuri. Wawili walipata. Wa kwanza alishuhudiwa na mpakaji rangi Mluhya, wa pili na Gurdit mwenyewe. Wakatolewa ukutani.

Afisa alifika kwa Hiram. Akageuka, akamnyooshea fimbo Kimaiyo, ambaye hakuwa Mkikuyu. "Wewe. Nafanya kazi benchi moja na hii mtu. Wewe najua yeye?"

Kimaiyo aliona bunduki ya askari mlangoni. Alimwona Chepkorir, mtoto wa miaka mitatu, akilini mwake. Alisikia mdomo wake ukisema, "Namjua kazini tu, bwana. Mambo ya nyumbani kwake siyajui."

Hakuna aliyemlazimisha, wala aliyempiga kofi. Maneno yalitoka laini, kama yaliyokuwa yakisubiri.

Hiram hakukasirika. Alimtazama kama fundi anayepima ubao na kukuta ni mfupi kuliko alivyodhani. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi, akatoka na wenzake. Lori zikashika barabara ya Gilgil. Wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba amepelekwa kwenye kambi ya kizuizini, na hakuna aliyejua ni kwa miaka mingapi.

Wangare aliepuka kurudishwa Kikuyuni kama wenzake kwa sababu moja: Makao walihitaji mfuaji, na mwenyekiti wa wakati huo, mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa karibu kurudi kwao, alimwandikia barua ya kazi. Binti yake Wangeci alipelekwa kwa bibi yake. Wangare akakaa peke yake katika chumba cha nyuma, nje ya ua haruhusiwi bila karatasi.

Kimaiyo alirithi benchi. Magongo pia yakawa yake, maana watoto waliendelea kurefuka na mtu alipaswa kuyachonga. Mwaka uliofuata akaja mwenyekiti mpya, Memsaab Thorley, muuguzi mstaafu, mrefu, mwenye sauti kama kengele ya shule na moyo usio mbaya. Siku ya kwanza alipoona gongo likirefushwa mbele ya macho yake alipiga makofi.

"Hii nani natengeneza? Wewe?"

"Mimi, memsaab."

"Akili hii, ni akili yako?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema jina. Lilikuwa neno moja tu, na mwenye jina alikuwa na mke aliyekuwa akianika mashuka hatua thelathini kutoka pale. Kimaiyo alisema, "Tunatengeneza kule kwetu, memsaab." Naye akaelewa alivyotaka kuelewa. Akamsifu kwa wageni, akaandika habari zake kwa rafiki zake Ulaya. Kila sifa ilipomfikia Kimaiyo ilimkaa kama nguo ya kuazima, na mwenye nguo yuko kifungoni.

Barua ilikuja Machi mwaka wa 1956. Aliyeileta ni Micah, mwinjilisti wa kanisa aliyekuwa karani wa kamati, mtu mpole mwenye baiskeli na miwani iliyofungwa uzi. Alimkuta Kimaiyo nje ya karakana akinywa chai ya saa nne, akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Kamati inakuomba uwe mjumbe," Micah alisema. "Miaka mitatu. Mkutano mmoja kila mwezi. Unakagua nyumba, unasikiliza wazazi, na ukitakiwa unawekea mtoto saini kama mdhamini. Hakuna malipo."

Kimaiyo alisoma. Barua ilisema anaitwa kwa sababu ya utumishi wake, na kwa kuwa ndiye aliyebuni gongo ambalo limewainua watoto wengi kutoka mavumbini. Aliifikia sentensi hiyo, akarudi nyuma, akaisoma tena, masikio yakawaka moto.

"Kiti chenyewe ni kipi?" aliuliza.

Micah alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Kile kilicho wazi."

"Kimekuwa wazi tangu lini?"

"Fundi," Micah alisema polepole, "unajua tangu lini. Na mimi najua. Nimekaa karani miaka yote, naandika yanayosemwa, sauti sina. Lakini nakuambia, pale mezani wanaamua mambo ya watoto wetu na hakuna hata mmoja anayejua watoto hao walitoka nyumba gani. Jibu linatakiwa Jumamosi ya wiki ijayo."

Akapanda baiskeli. Kimaiyo aliikunja ile barua mara nne na kuitia mfukoni, na mchana wote mkono wake ulikosea. Alikata mguu wa meza mfupi kwa nusu inchi, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake.

Alikaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza alisema moyoni atakataa, kwa sababu mtu aliyemkana mwenzake hastahili kukalia kiti chake. Hilo lilimpendeza, lilikuwa na sura ya unyenyekevu. Siku ya pili akagundua kwamba kukataa kungemfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote: angebaki na sifa zake, asiulizwe kitu, na mlango wa mbele ungebaki wa kwake. Akaona haya kwa mara ya pili, safari hii kwa sababu haya yake ya kwanza ilikuwa ya kujihurumia. Na siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumapili, Jerop alikuta barua alipokuwa akipekua suruali ya kufua.

Alikuwa amesoma hadi darasa la nne, akaisoma taratibu hadi mwisho, na uso ukamchanua. "Baba Chepkorir! Umefichaje jambo kama hili? Utavaa nini? Lile koti la harusi limeliwa na nondo."

Kimaiyo alikuwa ameketi mlangoni. "Kaa chini, Jerop."

"Nini?"

"Kaa kwanza."

Akamwambia. Miaka miwili alikuwa amemweleza kwamba siku ile hakuulizwa mtu kitu, kwamba lori zilikuja zikabeba zikaenda. Sasa akamweleza swali alivyoulizwa na alivyojibu, neno kwa neno, na ya gongo pia, hakubakiza. Jerop alimsikiliza, suruali iko mapajani. Kuku aliingia, akazunguka, akatoka.

"Huyo mama alinikanda mimi," Jerop alisema hatimaye. "Damu ilikuwa imenishinda. Wewe ulikuwa umesimama nje unalia."

"Nakumbuka."

"Na mimi sijaenda kumwona." Sauti yake ikashuka. "Nilijiambia askari wataniuliza ninafuata nini kule. Nikikutana na mtu wa Makao nauliza habari zake, naambiwa yuko, nasema asante Mungu. Ndiyo kazi yote niliyofanya."

Hawakuweza kutazamana. Mume na mke walikaa mlangoni kama wageni wawili waliokutana kwenye foleni ya hospitali, kila mmoja akiogopa kuulizwa ana ugonjwa gani. Mwishowe Jerop aliinuka. "Kwa Memsaab usiende kwanza. Nenda kwa Wangare. Na ukienda, pitia uani."

Alikwenda kesho yake mchana, akiwa amemwomba Gurdit saa moja. Wangare alikuwa ameinama kwenye karai, mikono imezama hadi kiwiko, mashuka yamejaa kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Alikuwa amekonda. Nywele zilizotokeza chini ya kitambaa zilikuwa na mvi, na Kimaiyo alikumbuka kwamba hakuwa nazo.

"Hujambo, Mama Wangeci."

"Sijambo, Baba Chepkorir." Hakuinua uso. "Leo umepotea njia. Mlango wako ni ule mwingine."

"Nimekuja kwako."

"Basi shika upande huo tukamue. Shuka hili ni zito."

Akashika. Walisokota shuka kati yao, maji yakachuruzika miguuni, na kwa sababu mikono ilikuwa na kazi mdomo wake ukapata njia. Alimwambia kwamba ameitwa kwenye kamati, kwenye kiti cha mume wake. Alimwambia kuhusu gongo. Alipofika kwenye siku ya lori, Wangare akammalizia.

"'Mambo ya nyumbani kwake siyajui.' Nililisikia siku ile ile. Yule mpakaji rangi alinipitia jioni." Alilianika shuka kambani, akalipigapiga likanyooka. "Nilikaa nikawaza: nyumbani kwetu asijue nini? Hajui sufuria inakaa wapi? Hajui kitanda cha Wangeci kilitengenezwa na nani, na yeye ndiye aliyeshika upande wa pili kikipigwa misumari?"

"Nisamehe, shemeji." Neno lilimtoka lenyewe.

Wangare alimgeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu. "Usiniite hivyo. Si leo. Na hilo unaloomba, aliyeachwa ukutani ni Hiram, si mimi. Siwezi kumgawia mtu kitu cha mwenzangu."

"Basi nikatae kiti?"

"Ukikataa ndiyo atarudi?"

"Hapana."

"Sikiliza. Ndani mle kuna watoto saba ambao baba zao wako kambini kama Hiram. Mama zao wamerudishwa Kikuyuni. Kuna karatasi ya kila mtoto inayotakiwa kuwekwa saini ya mzazi au mdhamini kila mwaka, na ya watoto hao haina mtu. Nimemsikia Memsaab akisema Jumamosi hii wataamua warudishwe. Warudishwe kwa nani? Wapande milima kwa magongo?" Alipangusa mikono kwenye khanga. "Hiram alikuwa akikaa pale akisema. Anasema kidogo, lakini anasema. Tangu aondoke hakuna. Wewe unataka kukaa nje ili roho yako isikie ni safi. Mimi roho yako hainihusu, Baba Chepkorir. Mimi nafua mashuka ya watoto hao, na najua ni yupi anayelowanisha kitanda kwa sababu ya hofu."

Kimaiyo alisimama pale, viatu vimelowa. Aibu aliyokuwa amekuja nayo ilikuwa kubwa. Aliyoondoka nayo ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu alikuwa ameona kwamba hata majuto yake aliyabeba kama mali, akiyapangusa na kuyatazama, huku watu wengine wana shida.

Jumamosi alikwenda. Koti alikuwa ameazima kwa Micah, likambana mabegani. Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu ya mninga iliyosafishwa ikang'aa, na wajumbe sita wakizungumza kwa Kiingereza, ambacho Kimaiyo alikielewa nusu nusu. Kiti cha saba kilikuwa upande wa dirisha. Memsaab Thorley alimkaribisha kwa mkono, akamwonyesha pa kukaa.

Hakukaa. Alishika egemeo la kiti na kusema kwa Kiswahili, Micah akimtafsiria.

"Kabla sijaketi nina neno. Barua inasema mimi ndiye niliyebuni gongo. Si kweli. Aliyelibuni ni Hiram Ngigi, aliyekuwa akikaa hapa. Alinifundisha yeye, na hata kazi nyingine zote alinifundisha yeye. Memsaab aliponiuliza, nilijibu kwa ujanja, naye akadanganyika. Na siku Hiram alipochukuliwa niliulizwa kama ninamjua. Nilisema simjui vizuri. Nilikuwa nimekula kwake miaka saba."

Micah alitafsiri yote, hakupunguza. Bwana mmoja Mhindi, muuza vitambaa aliyekaa na Hiram mezani hapo siku zote, aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake. Mzungu mmoja mkulima alikohoa, akasema mambo ya kambini si ya kuletwa kwenye kamati ya watoto. Memsaab Thorley alikuwa amepauka, kisha akawa mwekundu shingoni. Kudanganywa kulimuuma.

"Kwa nini nasema leo?" aliuliza. "Ingeweza kukataa tu."

"Nilitaka kukataa, memsaab. Nikaambiwa kuna watoto saba wasio na mtu wa kuwawekea saini. Kama mtanitaka bado, baada ya kusikia haya, nitawawekea mimi. Wote. Kama hamnitaki, nitawawekea nikiwa nje, nikiruhusiwa. Naomba tu iandikwe kwamba gongo ni la Hiram na kiti ni cha Hiram, mimi ninamshikia."

Walimtoa nje wakazungumza. Alikaa kwenye ngazi za mbele karibu saa nzima. Watoto walimpita wakienda kula, magongo yakigonga sakafu, na mmoja, msichana wa miaka tisa hivi, alimsalimu, "Hujambo, baba wa magongo," jina ambalo siku zote alikuwa akilipokea kwa tabasamu. Safari hii hakujua auweke wapi uso wake.

Micah ndiye aliyekuja kumwita. "Wamekubali wewe," alinong'ona. "Jina la Hiram wamekataa liandikwe. Wanasema ni la mtu wa kambini, litaleta maswali serikalini. Bwana yule wa vitambaa alibishana, akashindwa."

Kimaiyo alisimama mlangoni, ameshika kofia. Alikuwa amejiwekea sharti moyoni: wasipoandika, ataondoka. Lingekuwa jambo la heshima, na angetoka pale kichwa juu. Aliona zile karatasi saba zimepangwa mezani. Akaenda, akaketi kwenye kiti kile, akaomba kalamu. Aliandika jina lake mara saba, herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani, mbele ya Memsaab ambaye hakumtazama tena kwa upendo tangu siku hiyo.

Hakupata amani aliyodhani kukiri kunaleta. Mwenye kovu usidhani amepoa. Habari zilienea mjini, zikapindishwa kama ilivyo kawaida ya habari. Wengine walisema Kimaiyo ndiye aliyemchongea Hiram kwa afisa. Wengine, watu wa kabila lake, walimwita kipenzi cha Wakikuyu kwa ajili ya zile saini, na mara mbili askari walimwita kumuuliza watoto wale ni wake kwa njia gani. Alijibu kwamba ni wake kwa saini. Mara ya pili alishindishwa kituoni kutwa bila maji, akaogopa wakati wote; ushujaa haukuwa umemwingia. Ila safari hii alipoulizwa anawajua hao watoto, alisema anawajua, akataja majina yao na ya baba zao.

Jerop alianza kwenda uani kila Alhamisi. Wiki za kwanza alifua kimya pembeni ya Wangare, bila kuambiwa karibu wala ondoka. Ilichukua miezi kabla hawajacheka pamoja, na walichokicheka Jerop hakumweleza mumewe.

Hiram alirudi mwishoni mwa 1958. Kimaiyo aliinua uso kutoka kwenye kazi akamwona amesimama kwenye mwanga wa mlango wa karakana, mwembamba zaidi, meno mawili ya mbele hayapo, mkono wa kushoto haunyooki. Kimaiyo aliweka randa chini, asithubutu kumwendea.

Hiram alikuja mwenyewe hadi kwenye benchi. "Wangare ameniambia," alisema. "Ya ukutani nilikuwa nayajua. Ya kamati ameniambia."

"Fundi, mimi..."

"Ngoja. Miaka minne nilikuwa na maneno ya kukuambia. Mengi. Njiani nikasema nikifika nitayasema yote." Alipumua. "Sasa nimefika, sioni ya kuanzia. Nilikuchukia, Kimaiyo. Afisa sikumchukia, yeye simjui. Wewe nilikuchukia."

"Ulikuwa na haki."

"Najua nilikuwa na haki, sihitaji uniambie." Akaangaza macho karakanani. "Wale watoto saba wako wapi?"

"Watano wako Makao bado. Wawili wamerudi kwa baba zao mwaka huu. Nitakuachia kiti. Nimeshawaambia."

Alikuwa amewaambia kweli, na walikuwa wamekataa: mtu aliyetoka kambini hakubaliki, walisema, labda baadaye. Hiram alilisikia hilo bila kushangaa.

"Mimi sitaki kukaa nao tena," alisema. "Natafuta kazi Elburgon, kwenye mashine za mbao, kama mkono huu utakubali. Wewe kaa. Watano hao wakiisha, watakuja wengine." Aliupitisha mkono wake mzima juu ya mbao iliyokuwa pale, kama mtu anayesalimia, kisha akageuka. Hakumpa Kimaiyo mkono. Mlangoni alisimama, akasema bila kugeuka, "Mwambie Mama Chepkorir asante kwa Alhamisi zake."

Wangare na Hiram waliondoka Januari. Kimaiyo aliwasaidia kubeba masanduku hadi stesheni; hakuombwa, wala hakuzuiwa. Hiram alizungumza naye habari ya mvua, bei ya mahindi, na binti yake Wangeci aliyekuwa akiwangojea. Yalikuwa mazungumzo ya watu wanaojuana kazini tu, na Kimaiyo aliyapokea hivyo, kwa kuwa kipimo kile alikikata mwenyewe.

Kipindi chake kilipokwisha kamati ilimwomba aongeze miaka mitatu mingine, na safari hii hakuhitaji siku za kufikiri. Ajenda ya mkutano uliofuata ilikuwa paa la jikoni, lililokuwa likivuja tangu mvua za vuli, na msichana mmoja mgeni kutoka Subukia aliyekataa kula. Kimaiyo aliomba apewe habari ya huyo msichana. Aliuliza jina la baba yake, akauliza alitoka nyumba gani, kisha akauliza nani aliyewahi kufika huko. Hakukuwa na aliyefika. Akasema ataenda yeye Jumatatu.